Kijani cha msonobari hudanganya

Msonobari uliong'olewa mlimani ili ufanywe bonsai, yaani mti mdogo wa kukuzwa chunguni, unaweza kubaki kijani miezi sita, hata minane, huku mizizi yake imeshakufa. Mpera ukikosa maji, adhuhuri majani yameshalegea na unajua la kufanya. Msonobari hausemi kitu. Sindano zake ni ngumu, zina nta, hazinyauki. Siku sindano zinapopoteza mng'ao na kuanza kufanana na majivu, kilichouua mti kilishapita zamani. Karibu kila kosa tunalolifanya kwenye miti hii linatoka hapo: tunausoma mti kwa rangi ya leo, wakati rangi ya leo ni habari ya msimu uliopita.

Mti wenyewe ni Pinus mugo, msonobari mfupi wa milima ya Ulaya, kuanzia Alpi hadi Karpati na Balkani. Waaustria huuita Latsche, Waslovenia rušje. Aliyezoea mipaini ya Sao Hill kule Mufindi aiweke kando kwanza. Ile ni Pinus patula, asili yake Mexico. Husimama kama nguzo na sindano zake huning'inia kama nywele, sentimita 15 hadi 25. Huu wa Alpi una sindano mbili mbili katika kila ala, za sentimita 3 hadi 8, na mara nyingi hausimami kabisa. Unatambaa. Huko juu, kati ya mita 1,500 na 2,200, theluji huulalia karibu nusu ya mwaka na maporomoko hupita juu yake. Mashina hulazwa, theluji ikiyeyuka hujiinua kidogo, mwaka unaofuata hulazwa tena. Ndiyo maana shina la unene wa mkono linaweza kuwa limejikunja mara nne tano na umri wake umezidi miaka mia. Mikunjo hiyo na gome lile la magamba hakuna kitalu kinachoweza kukutengenezea. Wajapani wana neno la mti wa bonsai uliotolewa porini: yamadori, yaani kuchukua mlimani.

Kuchukua huko kuna wenyewe. Ndani ya hifadhi kama Triglav ya Slovenia au Hifadhi ya Taifa ya Uswisi hung'oi hata jani. Nje ya hifadhi, kila mteremko una mmiliki, na unahitaji ruhusa yake, ikiwezekana kwa maandishi. Pengine idara ya misitu nayo itataka kibali chake, kwa sababu vichaka hivi ndivyo vinavyoshikilia udongo na theluji visiporomoke. Pazuri pa kuanzia ni malisho ya juu, ambako wafugaji hufyeka msonobari huu ili ng'ombe wapate nyasi. Mti ambao ungefyekwa wiki ijayo unautoa kwa moyo mweupe, na mwenye shamba anafurahi.

Usichague kwa shina. Mashina mazuri yako kila mahali. Anza na mizizi. Shika shina chini kabisa ulitikise taratibu, huku kiganja kingine kimelala juu ya ardhi umbali wa sentimita 30. Kama ardhi inacheza pamoja na mti, mfano wa zulia lililotandikwa juu ya jiwe, mizizi imebanwa juu ya mwamba na mti utatoka na donge lake zima. Kama shina linacheza peke yake na ardhi imetulia, kuna mzizi mmoja au miwili iliyoshuka kwenye ufa wa mwamba. Mizizi midogo inayokunywa iko mita mbili kutoka hapo na hutaifikia. Mti huo uache, hata uwe mzuri namna gani.

Kisha tazama kijani kiko wapi. Msonobari hauchipui kwenye tawi kongwe lililokwisha kupukutisha sindano. Ukikata tawi na usiache sindano hata moja kwenye kipande kilichobaki, tawi hilo limekwisha, halitarudi. Kwa hiyo mti ambao majani yake yote yako kwenye ncha za matawi ya mita moja hautakuwa bonsai ya sentimita 50, isipokuwa uwe na tawi refu na jembamba linaloweza kukunjwa na kurudishwa karibu na shina.

Majira ni mawili. La kwanza ni theluji inapoondoka na macho ya ncha (vitumba vya machipukizi) yanaanza kuvimba, yaani Mei, au mapema Juni ukiwa karibu na mita 2,000. La pili ni mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, mizizi inapokua tena baada ya joto. Mti wa majira ya pili lazima ulindwe na baridi kali mwaka huo wa kwanza, maana umeingia msimu wa barafu ukiwa na vidonda vibichi. Katikati hapo, machipukizi yakiwa laini, usiuguse.

Beba mtaimbo mfupi, msumeno wa kukunja, mkasi wa bustani, gunia la juti, nailoni ya kufungia mizigo, kamba, na lita tano za maji. Punguza matawi ambayo una hakika hutayatumia, lakini acha sindano nyingi kuliko unavyodhani inafaa. Ndizo zitakazolisha mizizi mipya. Ondoa kuvumwani na takataka hadi uone mizizi inapotoka shinani. Kwa shina la sentimita 8, zungushia duara la sentimita 25 hadi 30 kutoka shinani, na kila mzizi mnene unaokutana nao ukate kwa msumeno. Mtaimbo ni wa kuinulia mawe tu. Mzizi uliong'olewa kwa mtaimbo huchanika kwa ndani, na mchaniko huo huoza kuelekea shinani. Pitisha msumeno pia chini ya donge, kati ya udongo na mwamba. Humo utaona nyuzi nyeupe zinazonuka uyoga. Ni maikoriza, kuvu wanaoishi na mizizi na kuipatia maji na madini. Wasafiri na mti, kwa hiyo usikung'ute udongo. Funga donge likiwa bado shimoni: gunia lililoloweshwa, halafu nailoni, raundi kwa raundi, likaze hadi ukiligonga lilie kama ngoma ndogo.

Nyumbani mti unaingia kwenye sanduku la mbao. Chungu cha bonsai bado kiko mbali sana. Sanduku lizidi donge kwa sentimita 3 hadi 5 tu kila upande, na sakafu yake iwe ya wavu au vibao vilivyoachiana nafasi. Kinachojaza nafasi hiyo ni pumisi, jiwe lile lile jepesi tunalosugulia visigino, ila la punje za milimita 4 hadi 8. Lipepete kwanza, maana vumbi lake huziba njia za hewa. Pumisi peke yake inatosha. Usichanganye mboji wala udongo wa bustani kwa kuuonea mti huruma. Chomekachomeka kijiti pande zote mpaka pumisi iache kuzama.

Halafu ufunge mti. Vibao viwili vilivyopita juu ya donge na kupigwa skrubu kwenye kuta za sanduku hufanya kazi kuliko waya. Jaribio ni hili: sukuma ncha ya shina, sanduku zima liinuke pamoja na mti. Kama shina linacheza hata milimita mbili, mizizi mipya, ambayo ni myembamba kama uzi na inakatika kama tambi mbichi, itakatwa kila siku ya upepo. Tumewahi kusingizia fangasi, tukasingizia maji, kumbe ni skrubu mbili zilizokosekana. Mwisho mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi, na tandaza juu sentimita moja ya sfagnamu, kuvumwani ya vinamasi, iliyokatwakatwa. Wiki nne hadi sita mti ukae pasipo upepo, kwenye kivuli nusu, sindano zikipuliziwa maji mara tatu nne kwa siku, halafu utoke juani. Msonobari wa kivulini hautengenezi mizizi.

Baada ya hapo kuna jambo moja linaloua miti mingi kuliko mengine yote: udongo wa aina mbili ndani ya sanduku moja. Donge la mlimani ni mboji nyeusi laini, kama sifongo iliyokaa juu ya jiwe miaka mia. Pumisi inayolizunguka ni kokoto. Maji hupita njia rahisi. Kiini kikishakauka hukataa maji. Unamwaga kila asubuhi, yanateremka pembeni kwenye pumisi, chini yanatoka, juu panaonekana pamelowa, na katikati pamekauka kama biskuti. Au kinyume chake: juu pumisi imekauka kufikia saa sita mchana, mtu anamwagilia tena na tena, na kiini hakijawahi kukauka tangu mti ufike. Mizizi inaoza kimyakimya. Ukiwa umesimama mbele ya sanduku, vifo hivi viwili havina tofauti. Kijani, kijani, kijani, halafu majivu.

Dawa yake ni kijiti cha mwanzi, kile cha mishikaki. Kichomeke kwenye donge la zamani, sentimita tatu kutoka shinani, kishuke hadi karibu na sakafu, na kikae humo siku zote. Kila asubuhi kichomoe ukiguse kwenye mdomo wako wa juu. Ngozi ya hapo inahisi unyevu kuliko vidole. Kikiwa cha baridi na cheusi hadi juu, usimwagilie, hata pumisi iwe nyeupe kwa ukavu. Kikiwa na unyevu hafifu nusu ya chini tu, mwagilia taratibu, mara tatu kwa kuachiana dakika kumi, ili mboji ipate muda wa kunywa. Kikitoka kikavu chote, kumwagilia juu hakutasaidia. Zamisha sanduku kwenye beseni, maji yafike kwenye ukingo, dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yakome. Na kama kiini hakikauki kabisa, toboa donge kwa bisibisi nyembamba, matundu kumi hadi kumi na tano, uyajaze pumisi laini; hewa itaingia na maji yatapata njia ya kutoka.

Sasa kuhusu kuusoma mti. Chukua kijitawi kimoja cha Pinus mugo mkononi. Sindano zake hukaa miaka mitano na zaidi, na kila mwaka unapoanza huacha pete ndogo ya makovu, mahali palipokuwa na magamba ya jicho. Kati ya pete na pete ni mwaka mmoja. Hesabu kutoka kwenye ncha kurudi nyuma, utakuta miaka yote ya mlimani imeandikwa humo, na siku mti ulipong'olewa inaonekana waziwazi.

Ila inabidi ujue mambo mawili tofauti yanayoandikwa. Idadi ya sindano kwenye chipukizi iliamuliwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, jicho lilipokuwa linaumbwa. Urefu wa sindano unaamuliwa na maji na nguvu za mwaka huu huu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza sandukuni mishumaa hutoka (tunaita mshumaa lile chipukizi jipya lililosimama kabla halijafungua sindano) na mtu anapiga simu kwa furaha kwamba mti umeshika. Haujashika. Macho yale yaliumbwa mlimani, na mizizi ya mlimani, na yanafunguka kwa akiba. Utaona sindano nyingi lakini fupi, sentimita moja na nusu pale palipokuwa na nne.

Mwaka wa pili ndio unaotisha. Macho yake yaliumbwa mti ukiwa na dhiki, kwa hiyo machipukizi ni mafupi, sindano chache, na mti mzima unaonekana mbaya kuliko mwaka uliopita. Hapo ndipo watu huua miti iliyokuwa inapona. Wanaongeza mbolea mara mbili, wanaupandisha kwenye udongo mpya, wanakagua mizizi. Tazama urefu, usitazame wingi. Sindano za mwaka wa pili zikiwa chache lakini ndefu kuliko za mwaka wa kwanza, mizizi inafanya kazi. Mwaka wa tatu wingi na urefu hurudi pamoja, na utaona alama unayoisubiri: macho madogo yakitokea nyuma, kwenye sehemu za tawi zenye umri wa miaka miwili mitatu, katikati ya sindano. Kabla ya alama hiyo usipinde wala usipogoe chochote.

Mbolea ianze sindano za mwaka wa kwanza zikishakomaa, kidogo tu. Mwaka wa pili na wa tatu tunatumia mashudu ya mbegu za rapa, vidonge vya ukubwa wa pipi, kimoja kwa kila sentimita tano za uso wa sanduku, vinabadilishwa kila wiki tano au sita, kuanzia macho yanapovimba hadi Oktoba. Yananuka, yanaleta funza, na ndege huyafukua. Vifuniko vidogo vya wavu hupunguza kero hiyo.

Kazi ya kwanza ya umbo ni vuli ya mwaka wa tatu, au mwisho wa msimu wa baridi kabla macho hayajavimba, wakati utomvu umetulia. Kuna kanuni ambayo huvunjwa na kila mtu mara moja: jeraha kubwa moja kwa mwaka. Mwaka wa kupinda si mwaka wa kugusa mizizi. Tuseme kuna tawi la sentimita 2.5 ambalo lazima lishushwe na kurudishwa kuelekea shinani. Loweka rafia, zile nyuzi za mwale, nusu saa hadi zilegee. Zungushia tawi kwa kubana sana, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita, kuanzia sentimita tano kabla ya mahali pa kupinda hadi sentimita tano baada yake. Laza juu yake waya nne za shaba kwa urefu, upande utakaokuwa nje ya mkunjo, zifunike kwa rafia tena. Halafu zungusha waya mnene. Unene wa waya wa shaba uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Juu ya milimita 6 mikono haitaweza, kwa hiyo matawi mazito huvutwa kwa waya wa pembeni uliofungwa kwenye skrubu ya sanduku. Shika tawi kwa mikono miwili, vidole gumba vikae ndani ya mkunjo, na pinda kidogo. Sikiliza. Mlio mdogo mkavu ni nyuzi za mbao zinazoachiana; huo hauna neno, simama hapo, subiri dakika chache, endelea. Mlio mzito wenye kuachia ghafla ni tawi kuvunjika. Waya wa kuvuta unaweza kukazwa robo mzunguko kila wiki kwa mwezi mzima, na hupati sifa yoyote kwa kumaliza siku moja.

Shaba ya kazi hii ni ile iliyochomwa motoni ikalainika. Ukishaipinda huwa ngumu, na huo ndio ushikaji wake; ukiifungua ili uitumie tena bila kuichoma, utavunja tawi kabla hujaipinda. Wakati wa kuiondoa, ikate vipande vipande kwa koleo. Usijaribu kuizungusha kurudi nyuma.

Msonobari hunenepa zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Waya uliokaa salama toka majira ya machipuko unaweza kuzama kwenye gome ndani ya wiki tatu za Septemba, wakati mwenyewe ameshaacha kuutazama kwa kuwa ukuaji wa juu umekoma. Kovu la mzunguko huchukua miaka mingi kufutika. Kagua kila wiki. Na mugo hurudi: ukitoa waya baada ya msimu mmoja, nusu ya mkunjo inapotea. Hesabu misimu miwili, ukifunga waya mpya njia tofauti na ule wa kwanza.

Matawi yasiyohitajika si lazima yakatwe hadi shinani. Mlimani theluji huvunja matawi, jua huyachuna magome, na yanabaki yamekauka, ya kijivu, magumu kwa utomvu. Tunafanya vivyo hivyo: kata gome kuzunguka kitako cha tawi, libane kwa koleo, chuna lote, halafu pasua ncha na vuta nyuzi za mbao kwa koleo zichanike zinavyotaka zenyewe. Mashine ya kusaga huacha alama za mashine, na jicho huziona hata baada ya miaka mitano. Hapa lugha imetuchezea kidogo. Wajapani huliita tawi kavu la namna hii jin, na sehemu kavu ya shina huiita shari. Kwa hiyo katika mazungumzo ya watu wa bonsai utasikia kwamba msonobari fulani una jin moja juu na shari ndefu upande wa kushoto, na hakuna mganga aliyeitwa.

Hiyo shari ya shina ndiyo ya kuogopa kweli. Kabla ya kuchuna gome la shina, hakikisha unajua mzizi upi unalisha tawi lipi, kwa sababu maji hupanda kwa mistari. Ukikata mstari, tawi lililo juu yake linakufa, na, kama kawaida, litakuambia mwakani. Panua sentimita moja kwa mwaka, usizidishe. Mbao iliyochunwa iachwe ikauke mwaka mmoja, kisha ipakwe mchanganyiko wa chokaa na salfa kwa brashi, siku ya joto, mbao ikiwa imeloweshwa kidogo. Itanuka mayai viza na kuwa ya njano, halafu nyeupe. Funika uso wa sanduku kwa nailoni ili isidondokee mizizi.

Kuhusu mishumaa, video nyingi zinaonyesha msonobari mweusi wa Kijapani ukikatwa mishumaa yote mwezi Juni na kuchipua upya kiangazi hicho hicho. Mugo si mti huo. Wenyewe hutoa chipukizi mara moja kwa mwaka. Ukikata mishumaa yote Juni, unabaki na mti usio na sindano mpya hadi mwaka ujao. Subiri sindano zikomae, mwisho wa Julai au Agosti mabondeni. Ndipo ufupishe machipukizi yenye nguvu, ukiacha jozi tano hadi saba za sindano kwa kila moja. Macho mapya yataumbwa kwenye jozi hizo na kufunguka mwakani. Machipukizi dhaifu yaache kabisa. Oktoba chomoa sindano kuukuu kwenye matawi yenye nguvu ili mwanga uingie ndani, na kwenye matawi dhaifu usichomoe hata moja. Tofauti hiyo tu, ikirudiwa miaka mitatu, husawazisha mti kuliko mkasi.

Magonjwa tusiyakuze. Madoa mekundu kwenye sindano na ncha zinazokauka kwa pete ni kuvu wa Dothistroma. Sindano zilizoanguka ziokotwe, maji yamwagwe asubuhi na si jioni, na dawa ya shaba ipulizwe mishumaa inapofungua sindano. Vidukari husafishwa kwa maji ya nguvu. Viota vyeupe vya hariri ni vya viwavi wa Thaumetopoea pityocampa, ambao manyoya yao huwasha ngozi na macho vibaya sana. Kata tawi ukiwa na glavu na miwani. Na baridi yenyewe haiuui mti huu, kwao ni huko. Kinachoua ni donge lililoganda huku jua na upepo vinakausha sindano. Sanduku liwekwe chini ardhini, lizungushiwe magome yaliyosagwa hadi ukingoni, upande usiopigwa na jua la asubuhi.

Mwaka wa tano, kama matawi yametulia na macho ya nyuma ni mengi, ndio mizizi inaguswa, mwanzoni mwa machipuko macho yanapoanza kuvimba. Nusu tu. Chagua upande wenye mizizi mibaya zaidi, chora mstari katikati ya donge, na upande huo mmoja ondoa mboji yote ya mlimani kwa kijiti na ndoano, toka ukingoni hadi kwenye shina, ukimalizia kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu. Utakuta mizizi minene iliyokufa zamani, ikate. Mizizi hai iliyo mirefu irudishe hadi penye matawi ya mizizi midogo. Nusu nyingine usiitie hata kidole, humo ndimo mti utakamonywea maji mwaka mzima. Chekecha pumisi na akadama, udongo wa punje unaotoka Japani, nusu kwa nusu, milimita 3 hadi 6, ujaze upande uliosafishwa. Ikiwa pembe ya shina inahitaji kubadilishwa, huu ndio wakati wake. Tia kabari ya mbao chini ya donge na ufunge kwa waya kama siku ya kwanza, kwa jaribio lile lile la kusukuma ncha. Halafu linda mti na barafu ya usiku hadi katikati ya Mei, kwa kuwa mizizi iliyokatwa haivumilii ile ambayo mizizi mizima huipuuza. Mwaka huo hakuna waya, hakuna mkasi.

Chungu cha kwanza kwa kawaida huja mwaka huo huo wa tano, kama nusu iliyosafishwa imekubali kulala. Kiwe na kina kuliko unavyopenda kukiona. Kijiti cha mishikaki kinahama pamoja na mti, kinachomekwa upande wa nusu ya zamani, na kinakaa humo miaka mingine miwili au mitatu, hadi nusu hiyo nayo isafishwe.